Tippu Tip Msimulizi: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi na Wasomaji wa Safari Zake

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Manyoni kwa reli ya kati kuelekea Tabora hupita Tura, Goweko na Igalula kabla ya kuingia mjini. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, lakini njia yenyewe ni ya zamani kuliko reli. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo kwa kulipa hongo, ikapita nyika ya Mgunda Mkali kwa kiu na hofu, kisha ikaona mashamba na moshi wa vijiji ilipofika Tura. Kutoka hapo ilipitia Rubuga na Kigwa, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Igalula na jirani zake wilayani Uyui, hadi Unyanyembe. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua njia hiyo kituo kwa kituo, mto kwa mto, na mti kwa mti.

Wengi waliipita njia hiyo wakaandika habari zake. Richard Burton alifika Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, mwaka 1857, na kitabu chake juu ya nchi za maziwa kikatoka mwaka 1860. Henry Morton Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871. David Livingstone alikaa hapo hapo mwaka uliofuata. Watu hao waliandika kwa Kiingereza, na wasomaji wao walikuwa London na New York. Mtu aliyeipita njia hiyo na kuisimulia kwa Kiswahili, kwa urefu na kwa mamlaka ya mwenye mali na bunduki, ni Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip.

Wanahistoria wamekwisha kumweleza Tippu Tip kama mfanyabiashara wa pembe, kama mtawala wa Maniema na kama mtumwishaji wa watu. Makala haya yanamtazama kwa upande usiozungumzwa sana, yaani upande wa usimulizi. Swali lake ni hili: ni kitu gani kilichoyafanya masimulizi ya mfanyabiashara huyu yapate wasomaji, na yaendelee kuwapata zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake? Swali hilo haliwezi kutengwa na maisha yake, kwani kabla ya kusimulia karatasini, Tippu Tip alikuwa amesimulia mbele ya wafalme, wadai na mahakimu. Aidha, swali hilo lina upande wake mchungu. Msimulizi akimshika msomaji barabara, msomaji hukubali kuona anachoonyeshwa na kusahau kuuliza juu ya kile kilichofichwa.

2.0 Nasaba na Malezi

Hamed alizaliwa Unguja. Mwaka wa kuzaliwa kwake haujathibitishwa, ingawa wataalamu wengi huukadiria kuwa 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara, kama babu yake Juma bin Rajab kabla yake. Mama yake, Binti Habib bin Bushir, alitoka katika ukoo wa Kiarabu wenye asili ya Maskati. Kwa upande wa baba kulikuwa pia na damu ya Mrima: mama wa babu yake alizaliwa na mwanamke wa Mbwamaji, kijiji cha pwani kusini ya mahali ambapo baadaye palijengwa Dar es Salaam. Kwa hiyo Hamed alikuwa mtoto wa kisiwa na wa bara kwa pamoja, Mwarabu kwa nasaba ya baba na Mswahili kwa lugha na malezi.

Alianza biashara angali kijana mdogo, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, kwa kununua sandarusi katika sehemu za karibu na pwani pamoja na ndugu zake. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba masimulizi ya maisha yake yanaanza na safari hizo, wala si na utoto wala nasaba. Kwa msimulizi huyu, mtu alianza kuwapo siku aliyofunga mzigo wake wa kwanza. Uamuzi huo, hata kama haukufanywa kwa makusudi ya kifani, unamtia msomaji njiani tangu ukurasa wa kwanza.

3.0 Tabora: Shule ya Njia

Alipokuwa na umri wa miaka 18 hivi, baba yake alimchukua kwenda Unyanyembe. Safari hiyo ya kwanza ya mbali ilimpitisha katika njia ya kati na kumfikisha Tabora, mji uliokuwa makutano ya njia tatu: ya kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, ya kwenda Karagwe na Buganda, na ya kusini. Muhammed bin Juma alikuwa mtu mwenye heshima huko. Alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na kwa ndoa hiyo biashara yake ikapata ulinzi wa ikulu.

Tabora ilimfundisha Hamed mambo mawili. La kwanza ni hesabu. Mfanyabiashara wa bara alichukua bidhaa kwa deni kutoka kwa Wahindi wa Unguja, na deni hilo lilikuwa likikua wakati yeye akitembea. Ilimpasa kujua idadi ya robota za nguo, uzito wa ushanga, bei ya frasila ya pembe pale na kule, na siku za safari kati ya mahali na mahali. La pili ni habari. Pale ambapo hapakuwa na gazeti wala simu, mji uliishi kwa maneno ya wasafiri. Kila msafara uliofika ulisomwa kama gazeti: wapi pana njaa, mtemi gani amefariki, nani anadai hongo kubwa, wapi pembe ni rahisi. Mwenye habari njema alikaribishwa barazani, na mwenye habari za uongo alipoteza itibari, na bila ya itibari hakuna ambaye angemkopesha hata jora moja la merikani.

Baada ya kufa kwa Fundikira, karibu na mwaka 1858, alitawala Mnywa Sele. Mtemi huyo alitaka kutoza ushuru bidhaa za Waarabu, ikatokea vita, na Waarabu wakamweka Mkasiwa mahali pake. Kwa ajili ya ndoa yake na Karunde, Muhammed bin Juma alijikuta katikati ya ugomvi huo. Hivyo Hamed aliona mapema kwamba biashara, ukoo na utawala vilikuwa kamba moja yenye nyuzi tatu.

Yeye mwenyewe hakukaa Tabora. Alikwenda Ujiji, akavuka ziwa, akafika Urua upande wa magharibi, na tangu safari hiyo akawa ni mtu wa kuitafuta nchi ambayo wenzake hawajaifikia. Hapo pia pana fundisho la kisimulizi. Pembe zilikuwa ghali kila mahali palipokuwa na wanunuzi wengi, na habari nazo zilikuwa hivyo hivyo: aliyetoka mbali zaidi ndiye aliyesikilizwa zaidi.

4.0 Majina na Hadithi

Jina la Tippu Tip lenyewe ni hadithi fupi. Mwenyewe alieleza kwamba lilitokana na mlio wa bunduki zake, baada ya kumshinda Nsama wa Itahwa, mtawala aliyeogopwa na wafanyabiashara wote wa sehemu za kusini ya Ziwa Tanganyika. Wengine walisema kwamba jina lilitokana na tabia yake ya kupepesa macho. Maelezo yote mawili yaliishi sambamba, lakini lililoenea ni lile alilolisimulia mwenyewe. Alikuwa na lakabu nyingine pia. Moja ni Kingugwa, yaani chui, aliyopewa baada ya kuvamia vijiji vya Uzaramo kwa sababu wapagazi wake walikuwa wametoroka. Tukio hilo, ambalo kwa waliovamiwa lilikuwa msiba, katika masimulizi yake limekuwa chimbuko la jina la sifa.

Vita vya Itahwa vilimletea pembe nyingi, na pia vilimleta karibu na Livingstone, aliyekutana na msafara wake mwaka 1867 na kupata msaada kwake. Hata hivyo, ushindi uliobadili maisha ya Tippu Tip haukupatikana kwa baruti, bali kwa hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, alipokuwa akielekea magharibi zaidi, alisikia kwamba Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetela, alikuwa na dada zake waliotekwa zamani na mfalme wa Urua na ambao hawakurudi tena. Tippu Tip alijitokeza mbele ya watu wa Utetela kama mjukuu wa mmoja wa wanawake hao. Aliitengeneza nasaba hiyo kwa majina na mahali, akaisimulia kwa utulivu, nao wakaisadiki. Mzee Kasongo akamkabidhi nchi, pamoja na haki ya kupokea pembe zake.

Tukio hili linapaswa kutazamwa kwa makini na kila anayechunguza usimulizi wa Tippu Tip. Kwanza, linaonyesha kuwa alielewa kanuni ya msingi ya kuishika hadhira, yaani kuanza na kile ambacho hadhira inakitamani. Watu wa Utetela walikuwa wamebeba jeraha la ukoo kwa muda mrefu, na yeye aliwaletea mwisho wa hadithi yao wenyewe. Pili, na hili ni la ajabu zaidi, alipokuja kuandika maisha yake hakuuficha ujanja huo. Alimweleza msomaji namna alivyoipata habari na namna alivyoitumia. Msomaji anafanywa kuwa mshirika wa siri, na mtu aliyeaminiwa siri haondoki barazani upesi. Lakini papo hapo msomaji mwangalifu anaonywa: huyu anayezungumza ni mtu aliyewahi kupata ufalme kwa kusimulia uongo vizuri.

5.0 Wageni Wenye Kalamu

Kuanzia miaka hiyo, Tippu Tip alikuwa mwenyeji wa wasafiri wa Kizungu waliotaka kuvuka bara. Mwaka 1874 alikutana na Verney Lovett Cameron huko Nyangwe, akamsaidia kuendelea na safari, na Cameron akafika pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Mwezi Oktoba 1876 alikutana na Stanley.

Stanley alikuwa tofauti na wengine kwa kuwa alikuwa mwandishi wa gazeti kabla ya kuwa mpelelezi. Safari yake ya 1871 ililipiwa na New York Herald, na ile ya 1874 hadi 1877 na gazeti hilo pamoja na Daily Telegraph la London. Alijua kwamba msomaji wa gazeti huvutwa kwa kungojea. Kumtafuta Livingstone kulikuwa na swali moja linaloeleweka na kila mtu: yu hai au amekufa? Vita alivyopigana pamoja na Waarabu wa Tabora dhidi ya Mirambo mwezi Agosti 1871, ambavyo vilimchelewesha, baadaye vilikuwa sura ya hofu katika kitabu chake cha 1872. Baadhi ya watu walipotilia shaka habari zake, barua za Livingstone alizozibeba zilithibitisha kuwa alikuwa amekutana naye kweli. Stanley alijifunza kwamba msomaji huvutwa na taharuki, lakini habakii pasipo ushahidi.

Watu hawa wawili walifanya mapatano. Kwa mujibu wa Stanley, Tippu Tip angemsindikiza kwa vituo 60 kuelekea kaskazini kwa malipo ya dola 5,000. Msitu ulikuwa mzito, ndui na njaa vikaupunguza msafara, na mwezi Desemba 1876 wakaachana. Stanley akaendelea kuufuata mto Lualaba hadi bahari ya magharibi, na kitabu chake cha 1878 kikasomwa na watu wengi mno. Tippu Tip alirudi na manung'uniko juu ya malipo na ahadi. Kwa hiyo safari hiyo moja ilizaa masimulizi mawili, lakini kwa zaidi ya miaka 20 ulimwengu wa wasomaji ulikuwa na moja tu.

Mwaka 1882, baada ya miaka 12 bara, Tippu Tip alirudi Unguja kwa njia ya Ujiji na Tabora. Pembe zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba usalama wa njia ulikuwa jambo la kufa na kupona, naye aliona heri kupatana na Mirambo kuliko kupigana naye. Msafara wake ulipita tena katika nchi ya Kigwa na Tura, safari hii ukielekea mashariki. Kijana aliyeipita njia hiyo nyuma ya baba yake alikuwa sasa tajiri ambaye jina lake lilimtangulia katika kila kituo.

6.0 Kutoka Msafara hadi Mahakama

Mwezi Februari 1887 Stanley alifika Unguja akielekea kumwokoa Emin Pasha. Alifanya mapatano mapya na Tippu Tip: awe liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na atoe wapagazi 600 kwa ajili ya msafara. Walisafiri pamoja kwa meli ya Madura, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kufika mlango wa mto Kongo mwezi Machi.

Wapagazi walichelewa. Kundi lililoachwa Yambuya chini ya Meja Barttelot lilikaa mwaka mzima, watu wakafa kwa njaa na maradhi, na Barttelot mwenyewe akauawa mwezi Julai 1888. Katika kitabu chake cha 1890 Stanley aliitupia sehemu kubwa ya lawama mlango wa Tippu Tip. Alifungua pia madai ya pauni 10,000 katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza Unguja. Tippu Tip alifunga safari ya kurudi pwani ili ajitetee, akafika mwaka 1891, na kesi ikaachwa bila ya hukumu dhidi yake. Lakini kitabu hakikufutwa. Wasomaji wa lugha kadhaa walikuwa wamekwisha kumjua Tippu Tip kama mtu wa hila, naye hakuwa na kitabu cha kujibia.

Hakurudi tena bara. Vita kati ya Dola ya Kongo na Waarabu na Waswahili wa Maniema, vya 1892 hadi 1894, viliangusha utawala wao. Mwanawe Sefu alikufa mwaka 1893. Mali yake ya Kongo ilipotea. Aliishi Mji Mkongwe akiwa tajiri wa mashamba, katika Unguja iliyokuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890, na ambamo hali ya utumwa iliondolewa katika sheria mwaka 1897.

7.0 Maandishi

Katika hali hiyo alikutana na Heinrich Brode, mtumishi wa ubalozi wa Ujerumani aliyekijua Kiswahili. Kwa ushawishi wa Brode, Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Brode aliyaweka maandishi hayo katika hati za Kirumi, akayatafsiri kwa Kijerumani, na yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki. Huo ulikuwa wakati wa neema kwa nathari ya Kiswahili ya safari na desturi. Carl Velten alikuwa amechapisha mwaka 1901 safari za Waswahili, zikiwamo za Selim bin Abakari na Sleman bin Mwenye Chande, na mwaka 1903 zilitoka habari za desturi zilizoandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo.

Ukiyalinganisha na maandishi hayo, masimulizi ya Tippu Tip yana sifa nne zilizoyapa nguvu ya kumshika msomaji.

Ya kwanza ni wingi wa hesabu. Msimulizi hutaja siku, watu, bunduki na frasila kwa namna ya mtu anayefungua daftari lake mbele ya mdai. Mandhari, ambayo ndiyo hazina ya waandishi wa Kizungu, karibu hayapo. Mito hutajwa kwa kuwa huvukwa, na misitu kwa kuwa huchelewesha. Msomaji haambiwi kwamba nchi ni nzuri. Huambiwa inachukua siku ngapi kuipita. Kwa njia hiyo itibari ya biashara inageuka kuwa itibari ya kisimulizi.

Ya pili ni mazungumzo. Kila mara jambo linapofikia ukingoni, msimulizi huacha kueleza na kuwaachia watu waseme: wadai, watemi, wapagazi, Wazungu. Hii ni mbinu ya barazani, ambapo sauti hubadilika na mkono hunyoshwa. Nathari yake inasikika zaidi kuliko inavyosomwa.

Ya tatu ni kejeli. Mfano mashuhuri ni ule wa Stanley kumwonyesha bunduki ifyatuayo risasi nyingi kwa mfululizo. Badala ya kustaajabu, Tippu Tip alimweleza kwa uso mkavu juu ya upinde wa nchi ya Lomami, urushao mishale ishirini kwa pamoja, na kila mshale ukaua mtu wake. Hapo mgeni ndiye aliyepaswa kuthibitisha, naye akalazimika kufyatua. Katika kisa hicho kifupi mizani ya vitabu vya safari inapinduliwa: Mzungu anakuwa ndiye kioja, na mwenyeji ndiye mtazamaji.

Ya nne ni kasi. Masimulizi hayasimami kutoa mawaidha wala kueleza hisia. Vifo, faida na safari hufuatana kama vituo vya njiani, na msomaji hupelekwa mbele na swali lile lile la msafara: kesho tutalala wapi?

8.0 Kimya

Hata hivyo, mizani ya msomaji haiwezi kuishia kwenye sifa hizo. Misafara ya Tippu Tip ilibebwa na watu, na wengi miongoni mwao hawakuchagua kubeba. Vita vya Itahwa, Urua na Maniema vilizaa mateka. Katika masimulizi yake watu hao huonekana kwa idadi, mara nyingi katika sentensi ile ile inayotaja pembe, kisha hutoweka. Hawana majina, hawasemi, wala hawarudi katika hadithi. Yule anayewapa watemi na wadai sauti zao kwa ukarimu mkubwa hakumpa mateka hata mmoja nafasi ya kusema.

Huenda mazingira ya 1902 yalichangia kimya hicho, kwa kuwa hakimu, balozi na msomaji wa Ulaya wote walikuwa wanasikiliza. Lakini ni vigumu kuona kwamba ndiyo sababu pekee, maana msimulizi hasiti kutaja mateka. Hasiti, ila haoni haja ya kuendelea. Ile kasi inayomfurahisha msomaji ndiyo hiyo hiyo inayompitisha mbele ya maiti bila ya kusimama, na ule wingi wa hesabu unaojenga imani ndio unaowageuza watu kuwa tarakimu. Kwa hakika fani na dhuluma katika maandishi haya haviwezi kutenganishwa kwa urahisi. Mchunguzi anayesifu fani bila ya kutaja hilo amekubali kuwa mpagazi wa msimulizi.

9.0 Wasomaji

Tippu Tip alifariki Unguja mwezi Juni 1905 kwa malaria. Mwaka huo huo Brode alitoa wasifu wake kwa Kijerumani, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 1907. Kwa muda mrefu wasifu huo wa Brode ndio uliosomwa zaidi, na maneno ya Hamed mwenyewe yakabaki kwa wanafunzi wachache wa lugha. Wasomaji wa Afrika Mashariki waliyapata kwa wepesi zaidi pale W. H. Whiteley alipoyachapisha kwa Kiswahili na Kiingereza, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mwaka 1958 na 1959. Yalichapishwa tena mwaka 1966, na mwaka 1974 François Bontinck alitoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi.

Kila kundi la wasomaji lilitafuta chake. Wanafunzi wa Berlin walitafuta sarufi na msamiati wa watumishi wa koloni. Wanahistoria wa miaka ya 1960 walitafuta sauti ya Kiafrika ya kuwajibu Stanley na Cameron. Wanaisimu wametafuta Kiswahili cha misafara, kilichoenea Maniema na kuzaa Kingwana cha mashariki ya Kongo. Wahakiki wa fasihi wametafuta mwanzo wa tawasifu ya Kiswahili. Maandishi yaliyotungwa kwa ajili ya ofisa mmoja wa kigeni yamepata hadhira ambazo mtunzi wake hakuzifikiria, na sababu mojawapo ni kwamba hakujaribu kumpendeza yeyote kati yao. Vitabu vya Stanley vilijengwa juu ya swali moja ambalo likishajibiwa hupungua ladha. Masimulizi ya Tippu Tip yamejengwa juu ya mambo ya kila siku ya njia, na mambo hayo kila kizazi huyauliza upya.

10.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba usimulizi wa Tippu Tip ulikuwa sehemu ya biashara yake tangu mwanzo. Baraza la Tabora lilimfundisha thamani ya habari, Utetela ilimfundisha nguvu ya hadithi inayotamaniwa, na ugomvi wake na Stanley ulimfundisha kwamba asiyeandika huandikwa. Aliandika mwishoni, akapata wasomaji, na anao hadi leo kwa sababu ya hesabu, mazungumzo, kejeli na kasi.

Lakini njia iliyopita Tura na Kigwa haikuwa yake peke yake. Walioibeba mizigo yake waliipita pia, nao walikuwa na nyimbo, majina ya vituo, na kumbukumbu za walioachwa njiani. Kazi iliyobakia kwa watafiti wa fasihi simulizi na historia ni kuyasoma masimulizi ya Hamed bin Muhammed pamoja na kumbukumbu zilizohifadhiwa na jamii za Unyamwezi, Uzaramo na Maniema, ili kila tarakimu katika daftari lake itafutiwe mtu. Hapo ndipo msomaji atakapokuwa ametendewa haki, na msimulizi pia atakuwa amesomwa kwa ukamilifu anaostahili.